Dada Mackrine na Kodi ya Moshi wa Ulaya

Dada yangu Mackrine ni mtoza ushuru, na sijui kama kuna mkosi mkubwa kwa mwanaume wa Isingiro kuliko kuzaliwa tumbo moja na mtoza ushuru. Watu wanaomwogopa yeye wananinunia mimi. Nimewahi kurukwa na kata ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, msibani, mbele ya wazee, kwa sababu mwenye zamu ya kugawa alikuwa ametozwa na dada asubuhi ile.

Geti lake liko pale njia ya kwenda Murongo, mpakani na Uganda, inapochepuka. Ni mti mmoja wa mkaratusi uliolazwa juu ya njia, umefungwa jiwe upande mmoja ili kamba ikilegezwa unyanyuke wenyewe. Pembeni kuna kibanda cha mabanzi, benchi, na yeye mwenyewe na ile mashine ndogo ya kutolea stakabadhi, ambayo huifunika kwa kitambaa vumbi lisiingie. Amekaa hapo miaka kumi na tisa akikusanya ushuru wa mazao kwa niaba ya halmashauri. Baba yetu mdogo alipomwoza binti yake, Mackrine alisimamisha Fuso la ndizi za harusi akiwa amevaa sare ya harusi hiyo hiyo. Aliuliza wageni ni wangapi, akahesabu mikungu, akasema watu mia mbili hawawezi kumaliza ndizi zote zile hata wakila mpaka Jumatano. Ile iliyozidi akaitoza. Kweli ilikuwa inakwenda sokoni, lakini ndugu wa kweli si angejifanya hakuona?

Nisimseme tu bila kusema alikotoka. Baba yetu, mzee Rwegasira, alikuwa mtu wa magendo. Miaka ile kahawa ilikuwa inalipa zaidi upande wa pili wa mto Kagera, na huku kwetu mpakani kuvusha kahawa kwenda Uganda hakukuitwa wizi, kuliitwa kuhangaika. Baba alivusha misimu mitatu, mambo yakamnyookea. Msimu wa nne alibeba kahawa yote ya nyumba, na ya shangazi yetu juu yake, ikakamatwa yote. Alirudi asubuhi miguu mitupu akasimama nje ya mlango, akashindwa kuingia, mpaka mama akatoka kumshika mkono. Mackrine alikuwa na miaka kumi na mmoja, mimi saba. Hela ya kutusomesha wote wawili haikuwepo tena. Yeye akatolewa shule akapelekwa Nyabiyonza kwa mjomba kulima vibarua, mimi nikabaki darasani kwa sababu ndiye mvulana. Alirudi shule akiwa na miaka kumi na mitano, akikaa dawati moja na watoto wanaomfika kiunoni, akamaliza. Hajawahi kunitupia jambo hilo usoni. Laiti angenitupia hata mara moja, ningepumua.

Sasa nije kwa mwaka huu, maana mwaka huu ndio nilipotaka kuiangamiza nyumba kwa mara ya pili.

Mama yetu, Ma Stephania, amevuka miaka themanini. Nyumba yake iliezekwa kwa mabati ambayo yameoza mpaka ukilala chali unahesabu nyota. Mvua za mwaka jana tulihamisha kitanda chake mara nne chumba hicho hicho, na mara ya nne hapakuwa na kona kavu iliyobaki. Alipata kikohozi cha wiki sita. Nikamwahidi kwamba kabla mvua za mwisho wa mwaka hazijaanza, atalala chini ya bati jipya. Mungu naye akanisaidia, mibuni ikazaa. Nilianua magunia saba ya maganda, yaani kahawa isiyokobolewa, iliyokauka vizuri, ukiitikisa inalia. Magunia saba ndiyo yalikuwa paa la mama. Sikuwa na mahali pengine pa kulitoa.

Ndipo zikaja habari mbili zikafuatana kama mtu na mkewe. Kwanza walipita vijana wa chama cha msingi cha wakulima wakizunguka vibanja vyetu, mashamba ya nyumbani, na simu, wanapima mipaka. Wakasema Ulaya wanataka kuhakikisha kahawa haikutoka kwenye msitu uliokatwa juzi. Tukawaacha wapime. Baada ya miezi michache redio ikatangaza kwamba Ulaya wameanza kutoza kodi ya moshi mpakani kwao, yaani bidhaa iliyotengenezwa kwa kuchafua hewa sana, ikifika mpakani, inalipishwa. Habari ya kwanza peke yake haikututisha, na ya pili peke yake isingetutisha. Tulipozikutanisha kwenye kibanda cha Sibomana, fundi baiskeli, zikazaa shetani.

"Unafikiri walikuwa wanapima mipaka?" Sibomana aliniuliza, tairi likiwa mapajani. "Walikuwa wanapima moshi. Siku waliyokuja kwangu nilikuwa nachoma magugu. Yule kijana alipiga picha, nilimwona kwa macho yangu."

"Na mimi mke wangu alikuwa anapika," nikasema.

"Basi na wewe umo."

Mmoja akasema watakata robo ya bei. Mpaka mtu wa mwisho anaondoka ilikuwa imefika nusu. Nikapiga hesabu ya bati kichwani, nikaona nitaezeka upande mmoja tu, na mama nimwambie alale upande gani?

Sisi watu wa mpakani tuna ugonjwa wetu. Mtu wa Dodoma akisikia kodi ya mpakani, atauliza ni mpaka gani. Sisi hatuulizi. Tukisikia tu neno mpaka, miguu inakumbuka njia. Rafiki yangu Fidele akasema kwa upole, "Kahawa ikishavuka mto ni ya Uganda. Huko nani anajua ilitoka shamba gani lililopimwa?" Ikaonekana ni hekima kubwa. Hatukuwa wawili watatu, tulikuwa watu wazima sita pale, mmoja mzee wa kanisa, na hakuna aliyeona tundu katika maneno hayo.

Nilimwambia mama kwamba Jumapili nakwenda kumchukulia mabati Uganda, kwamba kule ni rahisi. Fidele akaazima pikapu ya shemeji yake. Tulikuwa tumechagua Jumapili, saa ya ibada, kwa sababu Mackrine ni sauti ya kwanza kwenye kwaya ya Walutheri, na Jumapili mpaka saa sita ule mti huachwa umenyanyuliwa. Magunia saba tukayalaza chini, juu tukapanga mikungu ya ndizi. Nilivaa shati la kanisani ili nionekane mtu wa heshima. Tulipokata kona nikauona mti umelala barabarani, na dada yangu amekaa kwenye benchi ndani ya joho la kwaya la zambarau, kitabu cha nyimbo mapajani.

"Mawe, mama yangu!" Fidele akasema, akakanyaga breki.

Nikashuka. "Shikamoo dada."

"Marahaba. Mmebeba nini?"

"Ndizi."

"Za kuuza?"

"Za zawadi."

Aliitazama pikapu jinsi ilivyokalia matairi ya nyuma. "Ndizi hizi zimekula nini mpaka zimelaza springi?" Akamgeukia dereva. "Fidele, zima gari. Njooni mkae."

Tukakaa kwenye benchi kama wanafunzi waliochelewa. Nilimsubiri apige kelele. Kelele za Mackrine nazijua, ningezistahimili. Hakupiga. Alisema, "Novatus, usiniambie kama mtoza ushuru. Niambie kama dada yako, ili kesho wakikukamata nijue nalia kwa sababu gani."

Nikamwambia yote. Nikamweleza habari za vijana wa simu, redio, Sibomana na magugu yake, nusu ya bei, kitanda cha mama. Nilisema kwa hasira, maana mtu mwenye kosa hukasirika haraka. Nilimwambia yeye analipwa na serikali, hajui uchungu wa kukatwa.

Akaniacha nimalize. Kisha akauliza, "Waganda wanamuuzia nani kahawa yao?"

Nikamwangalia Fidele. Fidele akaangalia matairi.

"Ma, wanamuuzia Mzungu," Fidele akasema mwishowe.

"Mzungu huyo huyo?"

"Huyo huyo."

"Na ikifika kwake inapita mpaka gani? Murongo?"

Watu wazima sita, waitu, jamani! Tulikuwa tunakimbia geti la Ulaya kwa kupita kwenye kichochoro cha nyumbani.

"Na jambo la pili," Mackrine akaendelea, "kahawa haimo. Hiyo kodi ni ya saruji, chuma, aluminiamu, mbolea ya viwandani, umeme, vitu vya namna hiyo. Vitu vinavyopikwa kwenye matanuri. Kahawa yako umeianika juani, Novatus. Moshi wake uko wapi?"

"Wewe umejuaje?"

"Semina ya watoza ushuru. Mwezi wa tatu, makao makuu ya wilaya. Wewe ulisema nimekwenda kula posho."

Ni kweli nilisema. Lakini nilikuwa nimeshajiandaa kuogopa, na hofu ikishakaa haitoki kwa neno la dada. Alilijua hilo. Akachukua simu akampigia Ainembabazi, katibu wa chama cha msingi, akaweka sauti kubwa. Ainembabazi alitoka nje ya kanisa kupokea, tukawa tunawasikia watu wakiimba nyuma yake.

"Shamba la Novatus?" akasema. "Lilipimwa, likapita, liko safi. Hiyo ni habari ya misitu, haina kodi. Kodi ya moshi haihusu kahawa, tumeshawaambia watu mpaka tumechoka. Mnada ujao bei ni nzuri. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu," Mackrine akajibu. "Alikuwa anauliza tu. Rudi ibadani."

Sijui nieleze vipi kilichonipata. Nikaanza kucheka, nikacheka mpaka machozi, kisha machozi yakabaki kicheko kikaondoka. Nilikuwa nimebeba ule uzito wiki mbili bila kumwambia hata mke wangu Benitha, na sasa umedondoka barabarani. Kahawa yangu ilikuwa nzima. Ilikuwa pale, chini ya ndizi, magunia saba yenye thamani yake yote. Fidele alikuwa anajifuta uso kwa kofia na kusema asante Yesu, asante Yesu, ingawa kahawa haikuwa yake, pikapu tu ndiyo ilikuwa ya shemeji yake.

Baada ya kupumua, ubishi ukanirudia. Mimi ni mtu wa ubishi. "Sawa, kahawa haimo. Lakini huo ni wizi bado. Mwenye kiwanda huku atengeneze bati, kodi achukue Mzungu?"

Hapo ndipo macho ya Mackrine yalipowaka. Naapa, sijawahi kumwona anafurahi namna ile, hata siku ya harusi yake. "Hilo ndilo nililouliza semina," akasema. "Sikiliza. Lori la maharage likitoka hapa bila kulipa, linakutana na geti la wilaya ya jirani. Wale wanalikata. Hela inabaki wapi?"

"Kwao."

"Likiwa na stakabadhi yangu?"

"Wanaliachia."

"Basi na hao wa Ulaya ndivyo walivyoweka. Kiwanda kikionyesha kwamba kimeshalipia moshi wake nyumbani, wanapunguza kile kilicholipwa. Kikija mikono mitupu, wanakata wao, na hela inaingia kwenye fuko lao. Mwenye kiwanda atalipa tu. Swali ni kwenye geti la nani. Sasa sisi tukikaa bila geti, tunawajengea watu barabara zao kwa moshi wetu."

"Kwa hiyo unataka kodi nyingine." Nikamcheka. "Miaka kumi na tisa haijakutosha."

"Sitaki nyingine. Ile ambayo haikwepeki ndiyo nataka ikatwe hapa, inunue dawa za zahanati yetu."

"Na ikikatwa hapa, nani ataniambia ilinunua dawa gani?"

Akaifunua mashine, akaifunika tena. "Hapo ndipo pagumu," akasema. "Mimi nakata, natoa stakabadhi, napeleka. Baada ya hapo hata mimi siambiwi. Lakini anayepita kichochoroni hawezi kuuliza, Novatus. Aliyelipa ndiye mwenye mdomo."

Nikamuuliza ni nani aliyemwambia tunapita Jumapili. Nilimshuku mke wa Fidele, kwa sababu yule mama akipewa siri huitafutia nafasi. Mackrine akasema hilo si la kuniambia. Akainuka, akakunja joho lisishike vumbi, akasema akikimbia atawahi wimbo wa mwisho. Kabla hajaondoka alimwambia Fidele kwamba siku atakayopeleka ndizi zile sokoni asisahau kwamba bado hazijalipiwa.

Tukageuza gari. Njia nzima ya kurudi Fidele aliendesha polepole kama amebeba mayai.

Jumanne yake tulisikia kwamba doria imekamata pikapu kando ya mto ikiwa na kahawa ya watu wa kijiji kingine. Kahawa ilichukuliwa, gari likachukuliwa, dereva akalala ndani. Nilikuwa nakula. Niliweka kijiko chini nikatoka nje, nikasimama nyuma ya nyumba nikiitazama kahawa yangu dirishani, gunia baada ya gunia. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha, kwa shingo upande, nikamshukuru na mtoza ushuru.

Kahawa ilikwenda chama cha msingi kwa njia ya halali na kibali chake, ikauzwa mnadani, na bei haikuwa ile ya Sibomana. Nilinunua mabati yote ya nyumba ya mama, na misumari, na hela ya fundi ikabaki. Kwenye mkutano wa kijiji nilisimama, mimi ambaye huwa nakaa karibu na mlango ili niondoke mapema. Nikauliza ushuru wa mazao uliokusanywa Isingiro mwaka huu umerudi na nini. Mwenyekiti akasema swali ni zuri, litajibiwa mkutano ujao. Sibomana akapiga makofi. Mackrine alikuwa amekaa nyuma na kina mama. Aliinuka akaniletea kiti.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana wa Alhamisi, nami nilikuwa kwa mama. Ilikuja kwa nguvu, ikapiga juu ya bati jipya mpaka tukawa tunaongea kwa kupaza sauti. Mama alilala kitandani katikati ya chumba, mahali alipopachagua mwenyewe. Alitazama juu muda mrefu. Hapakuwa na tone hata moja.

"Limekaa vizuri," akasema.

"Limekaa, mama." Nilikuwa nimejaa furaha mpaka nikataka kujisifu kidogo. "Hili bati lilikuwa karibu kwenda na maji. Kama si mke wa Fidele kushindwa kufunga mdomo wake, leo tungekuwa tunahama na kitanda."

"Usimsingizie mwanamke wa watu," mama akasema. "Ni mimi niliyempigia Mackrine. Uliposema Uganda, nilimkumbuka baba yako pale mlangoni."

Nilidhani mvua imenidanganya masikio. "Wewe? Mama, mimi nilikuwa nakwenda kukutafutia bati. Wewe ndiye uliyekuwa unalowa!"

Akanyoosha mkono akanishika kifundo cha mkono, kama anavyomshika mtoto anayetaka kukimbilia barabarani.

"Bati nililitaka, mwanangu," akasema. "Lakini nilikutaka wewe zaidi."